Siku Ramanya Alipowalazimisha Wakubwa Kunywa

Ramanya aliingia Parsa, mji wa mfalme wa Waajemi, akiwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake alikuwa na jiwe la kusagia kichwani. Hawakuwa na kingine. Baba, aliyewatangulia huko, alikuwa ameangukiwa na jabali akichonga ngazi za jumba la mfalme, basi mama akawa anasaga shayiri ya watu kutwa, na mtoto analala pembeni ya jiwe, nywele zimejaa unga kama kikongwe. Alipofika miaka saba akachukuliwa nyumba ya ufumaji kuokota nyuzi sakafuni. Alipofika kumi na miwili akapewa kitanda chake cha kufumia, na tangu siku hiyo nguo yake ukiishika tu unajua ni mkono wa nani.

Mkuu wa nyumba ile alikuwa bibi mmoja aitwaye Tashpa. Macho yalipomwisha, Bibi Tashpa alisimama mbele ya wanawake wote mia tatu akasema nafasi yake ni ya Ramanya. Lakini neno lake halikutosha. Wenye kuamua walikuwa wazee saba wa hazina, na nafasi yenyewe haikuwa ndogo. Mkuu wa wafumaji alipata kondoo kila mwezi na mvinyo wa kujaza mitungi, na alivaa shingoni muhuri wake mwenyewe. Kwa muhuri ule mwanamke angeweza kupelekwa Shushani, mji mwingine wa mfalme, mwendo wa wiki nyingi, au kuachwa hapa pamoja na watoto wake.

Ramanya aliitaka nafasi ile, na hakuona haya kuitaka. Kila alfajiri kabla ya kazi alisimama akitazama jua linapotokea, akamwambia Mungu wa mbingu wazi wazi: nipe, na ukinipa nitaitumia vizuri.

Mwenzake katika kugombea alikuwa Ushtana, mpwa wa mmoja wa wale wazee, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa mafuta, ambaye hajawahi kushika uzi isipokuwa wa kufungia viatu.

Wazee walikaa asubuhi moja, na jua halijapanda wakawa wamemaliza. Karani Bagadata akatoka uani na kibao cha udongo mkononi, akasoma kwamba amechaguliwa Ushtana, kwa kuwa haifai mtoto wa msaga shayiri kuvaa muhuri. Wanawake wakaanza kulia. Ramanya hakulia. Akasogea karibu na karani akamuuliza kwa upole wazee walikunywa nini.

Bagadata akasema hawakunywa kitu. Msafara wa mfalme uko njiani, siku tatu utakuwa hapa, watu wana haraka.

"Na muhuri mmeshapiga?"

Karani akakitazama kile kibao kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Kilikuwa kimepigwa mihuri saba, na udongo bado mbichi.

Kwa watu wa Parsa jambo kubwa huamuliwa mara mbili, mara moja kichwa kikiwa kikavu na mara moja kikiwa kimelowa mvinyo. Majibu yakifanana, jambo limesimama. Yakipishana, linarudi barazani. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo, na wazee saba wa hazina walikuwa wamelisahau kwa sababu ya haraka.

Ramanya akapanda zile ngazi za jumba, mbili mbili, kuwafuata wazee. Ushungi ulimdondoka, hakurudi kuuokota, mwenzake aliyekuwa nyuma ndiye aliyeuokota, na nyuma yake wakaja wengine, mpaka ngazi zote zikajaa wanawake. Mlangoni akapiga goti kama inavyopasa, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Nimekuja kuwakumbusha. Hamjanywa."

Mjomba wa Ushtana akawa wa kwanza kupata sauti. "We mama, umekuja kutulazimisha tulewe asubuhi yote hii?"

"Sikuwawekea mimi desturi hii, baba. Mliikuta kwa baba zenu."

Mzee Mitrabanda, mkubwa wao, akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyu mama amewashika pabaya, neno hili bado kavu, na waletewe mvinyo. Hapo ikaonekana kwamba mtunza ghala ameondoka na funguo kwenda kumwandalia mfalme kituo, na hatarudi leo. Mjomba akashika tama, akasema basi tena, Mungu hakutaka.

Lakini wanawake walikuwa wameshageuka. Walishuka wakikimbia kwenda vibandani mwao, na hata adhuhuri haijafika wakawa wanarudi, huyu na kibuyu, yule na bakuli, mwingine na tone la posho yake ya mwezi chini ya mtungi. Ramanya hakuficha. Aliwaambia wazee mvinyo huu ni wa wafumaji, na wakiona ni hongo waumwage. Mitrabanda akajibu kwamba watakunywa, na watamwita Ushtana naye anywe, ili kusiwe na upendeleo.

Wanawake wakakaa nje ya mlango, masikio yote ndani. Kikombe cha kwanza watu walikuwa na adabu. Cha tatu, sauti zikapanda. Cha tano, Ushtana akalegea, akaanza kuwaeleza mipango yake. Wenye watoto wachanga wote atawapeleka Shushani, maana kelele zile haziwezi. Na ufumaji wenyewe una ugumu gani? Mzee Mitrabanda akamuuliza taratibu, mtande ni nyuzi zipi na mshindio ni zipi. Ushtana akafikiri sana, akauliza kama mtande si yule mwanamke mnene wa karibu na dirisha. Nje wanawake wakabana midomo kwa viganja ili wasicheke.

Ndipo Ramanya akaitwa ndani. Mitrabanda, macho mekundu, akashika upindo wa joho lake. "Hili nimevaa miaka tisa, halijachoka. Kazi yako?"

"Yangu, mzee."

"Halina kosa hata moja."

Ramanya akalitazama joho. Kukubali ilikuwa rahisi mno. "Lina kosa, mzee. Chini ya kwapa la kushoto, nyuzi tatu zimeruka. Nililifuma siku niliyomzika mama."

Mzee akainua mkono, akapapasa, akaziona. Akabaki ameshika pale pale. Kisha akauliza wenzake, na walevi sita kati ya saba wakasema Ramanya.

Lakini majibu yalikuwa yamepishana, kwa hiyo asubuhi yake wakakaa tena, wakavu, wameshika vichwa, wakiomba watu wasikanyage kwa nguvu. Ramanya alisimama mlangoni. Ushtana akajitetea kwamba ya jana yasihesabiwe, kwani alikuwa amelewa.

"Ndiyo maana tunakunywa," akasema Mitrabanda.

Safari hii waliomkubali Ramanya walikuwa watano. Kile kibao cha kwanza kikatiwa kwenye ndoo ya maji mpaka kikawa tope, cha pili kikapigwa mihuri, na mtoto wa msaga shayiri akavishwa wake shingoni kwa kamba nyekundu.

Alishuka zile ngazi hakuzihisi. Wanawake mia tatu walikuwa wamesimama kando ya vitanda vyao vya kufumia wakimngoja, na yeye njia nzima alikuwa ametunga maneno mazuri ya kuwaambia. Yote yakapotea. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anamshukuru Mungu kwa midomo tu, sauti hakuna.

Mwanamke mmoja aliyejifungua wiki ile, mtoto kifuani, akajikaza akauliza lile walilokuwa wanaliogopa wote. "Mama mkubwa, mimi naenda Shushani au nabaki?"

Ramanya akaushika muhuri, na sauti ikarudi. "Unabaki," akasema. "Keti umnyonyeshe kwanza. Kazi utaanza akishiba."