Mpira wa Hospitali

Nianze na aibu yenyewe niitue: nilitoroka hospitali Kilifi na mpira wao ningali nimefungwa mkononi. Ule mpira wanaokubana nao juu ya kiwiko ili mshipa utokeze. Mtu mzima, ndevu zishaota, mbio!

Kisa ni kuoa. Mimi mtu wa Pemba. Skuli niliiacha darasa la nne, wala haikunililia. Nikaja Watamu, nikapata kazi ya kukata vitunguu jikoni mwa hoteli. Nikampenda msichana wa Shella, pale Malindi, nikapeleka posa. Babake akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kuja, hatujui ulikopita. Na haya maradhi mapya ya ukimwi ndiyo hayo. Kapime damu, uniletee jawabu."

Nikachagua Kilifi. Malindi angeniona mtu mmoja tu kwenye foleni, na jioni yake chumba changu kingejaa watu waliokuja kumtazama mgonjwa, kila mmoja na machungwa yake.

Muuguzi, mama wa makamo, akanifunga mpira, akashika sindano, akauliza, "Kwenu wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Jikoni tulikuwa tukiambizana kwamba mgeni akikutwa na ukimwi anarudishwa kwao. Na karatasi za kukaa Kenya sikuwa nazo hata moja. Nikaona mke kaenda, kazi imekwenda, nami nashushwa Pemba mamangu ananitazama. Nikasema, "Naja sasa hivi, mama." Nikatoka.

Nilipofika stendi mkono ukafa ganzi. Vidole vimevimba, rangi ya biringani. Nikajiambia, ndio huo, ushaingia, haukungoja hata kupimwa! Mama muuza mahamri akaniona navitazama vidole nikitaka kulia.

"We kaka, mkono una nini? Hebu pandisha mkono wa shati."

Nikapandisha. Alicheka mpaka hamri likamponyoka.

Haya, mpira nimeufungua, lakini ni mali ya watu. Nitaoaje na kitu cha wizi mfukoni? Nikarudi nao.

"Mpira umeurudisha," muuguzi akasema, wala hakushangaa. "Na mkono je, umekuja nao?"

Nikamnyooshea. Nikamuuliza, kwetu aliniulizia nini?

"Nijue kama una safari ndefu ya kurudi kufuata jibu. Hapa twapima damu, babangu, hatupimi pasipoti."

Siku za kungoja nilikata vidole kuliko vitunguu. Jawabu likatoka: sina. Babake msichana aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akaagiza kahawa. Posa ikapokewa.

Nilipomsimulia mwenzangu wa jikoni, Mgiriama mmoja asiye na huruma, aliweka kisu chini kwanza ili acheke kwa raha.

"Kumbe wewe sindano hukuiogopa, wala ugonjwa. Uliogopa kuulizwa kwenu. Basi siku ya nikaha shehe atakuuliza hilo hilo mbele za watu. Ukikimbia, mwachie kilemba chake."