Mzuri wa Mama

Juzi sokoni Kiritiri nilimwona mama mmoja akimlisha mbuzi maganda ya ndengu kutoka kiganjani, polepole, kama anayelisha mtoto. Wivu wangu wa zamani ukaamka, nikacheka peke yangu.

Mama yangu alikuwa na beberu mweupe kama huyo. Mimi nikichelewa na kuni nilifokewa, lakini yeye alikunwa shingo na kuitwa "mzuri wangu". Mchana mmoja jua lilikuwa likiwaka, boma linanuka mkojo wa mbuzi na majani makavu. Nikapiga magoti kando ya beberu, mbele ya Mama, nikalia, "Meee!"

"Wewe Wanja, umekuwa nini?"

"Na mimi nataka kupendwa."

Mama alicheka hadi akaketi chini. "Huyu ndiye nauli yetu, mami. Akinona, tunaenda Mombasa kumwona baba yako."

Baba alikuwa akilinda duka huko, nami nilimjua kwa sauti ya simu tu. Leo najua jinsi Mama alivyokuwa na hamu naye. Siku ile niliona mbuzi tu, na nikafikiri anakuja na sisi.

"Kwenye basi atakaa dirishani?"

"Nani?"

"Huyu mzuri wako."

"Ai! Huyu atauzwa hapa hapa sokoni. Dirishani ni wewe!"

Nilimtazama vizuri yule mbuzi. Mbavu zake bado zilionekana. Nikakimbia jikoni, nikaleta sahani yangu ya githeri, nikaiweka mbele yake.

"Kula haraka," nikamwambia.