Kondoa Kidogo, Mjini Kidogo

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye karakana za Kizota kutafuta bawaba ya mlango, nikarudi na mti wa alumini. Fundi alinishawishi, na mimi nikishashawishika huwa sina breki. Alinionyesha jinsi unavyovutwa ukarefuka mpaka ukapita paa la karakana yake, jinsi brashi ya kichwani inavyopinda ili iingie ndani ya gata, ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, na kioo kidogo kilichofungwa juu yake ili mtu aliye chini aone kilichomo. "Mama, ukiwa na huu huhitaji ngazi, wala huhitaji mtu wa kukusaidia," alisema. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifungue pochi, maana mtu wa kunisaidia hayupo. Watoto wana miji yao, na mwenzangu alishatangulia mbele za haki.

Kesho yake asubuhi nikasafisha gata za nyumba nzima kabla mvua hazijaanza. Sina la kulaumu. Mti ni mwepesi, na kioo kinaonyesha kila kitu, hata mjusi aliyekaukia humo. Kazi ambayo utotoni ilitula siku nzima niliimaliza kabla sijanywa chai. Nilipokuwa naukunja mti ule nikagundua kwamba tangu niamke sikuwa nimefungua mdomo. Nikakaa kwenye kizingiti, nikamlilia bibi yangu kama aliyezikwa jana. Nisikilize kidogo, huenda nawe ulikuwa na bibi.

Wangu alikuwa mzaa mama, na alinilea Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, enzi zile Msalato ilipokuwa mashamba ya zabibu na mbuzi, kabla ya habari za uwanja wa ndege na viwanja vilivyopimwa. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na bati lake babu alilinunua kwa zabibu za miaka mingi. Mbele ilipita barabara. Nyuma palikuwa na jabali kubwa la kijivu, lililopata joto mchana mpaka huwezi kulikanyaga bila viatu. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, na nilidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyoishi.

Kisima cha pale kilikuwa cha maji ya chumvi. Sabuni haikutoa povu. Maharage ungeyachemsha tangu asubuhi, na jioni bado yanagonga sahani. Chai yake uliinywa kwa sababu umeambiwa unywe. Kwa hiyo maji ya mvua kwetu yalikuwa na cheo: yalikuwa ya chai, ya maharage, na ya kumpa mgeni. Yalikaa kwenye tangi la saruji pembeni mwa nyumba, limefunikwa bati na jiwe juu yake, na aliyeruhusiwa kuyachota ni bibi peke yake, kwa kata. Tangi likijaa, tulilibana mpaka masika yajayo. Lisipojaa, mwaka mzima ni chumvi.

Na kati ya paa na tangi palikuwa na kitu kimoja tu, yaani mfereji wa bati uliopita ukuta wa nyuma, kutoka kona hadi kona, mpaka kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji. Kiangazi cha Dodoma unakijua. Upepo unaleta vumbi jekundu, mwarobaini unapukutisha majani, shomoro wanabeba nyasi za kujengea. Ikifika Novemba mfereji umejaa uchafu ulioshikana kama kiporo cha ugali.

Babu alikuwa akiusafisha kwa ngazi. Mwaka mmoja, kabla sijaletwa kukaa pale, ngazi ilimtupa na hakuamka tena. Matanga yalipokwisha, bibi aliipasua ile ngazi akaipikia uji, akaapa kwamba hakuna mguu utakaoacha ardhi kwa ajili ya mfereji. "Aliyesimama chini haogopi kuanguka," alikuwa akisema, na alilisema hata pasipohusika, kwa mfano nilipoomba ruhusa ya kupanda mpera. Jabali halikuhesabiwa. Jabali, alisema, nalo ni ardhi.

Vifaa alivitengeneza mwenyewe. Kikubwa tulikiita mkono. Ilikuwa miti miwili mirefu, myembamba, iliyounganishwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na kichwani kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu na kukunjwa kama jembe. Unaupandisha, unaulaza ndani ya mfereji, unauvuta, na uchafu unakuangukia usoni. Ndiyo maana alijifunga kanga mpaka kwenye nyusi na kufumba macho kabisa. Kulikuwa pia na fagio la katani lililofungwa kwa kulala kwenye ufito, la kumalizia, na pembe ya mbuzi ya kuchokonolea viota. Ukimkuta amesimama pale na pembe yake hewani ungedhani anaroga mtu.

Shida ni kwamba aliye chini ya mfereji haoni ndani yake, hata akifumbua macho. Hapo ndipo nilipokuwa na kazi. Nilipanda jabalini, na kutoka kule juu mfereji wote niliuona wazi. Siku ya kwanza nilimwambia aende kushoto, akaenda kushoto kwake, kumbe amegeuka ili anisikie, tumetazamana, na kushoto kwangu ni kulia kwake. Tuligombana mpaka mbuzi wakatawanyika. Aliniambia shule ile ninayokwenda inaharibu karo bure. Baadaye, tulipokuwa tunakula mlenda na kila mtu amenuna, akapata dawa. Barabara ya mbele, alisema, upande mmoja inakwenda mjini na upande mwingine inakwenda Kondoa, na Kondoa haihami hata ukigeuka.

Toka hapo ndiyo ikawa lugha yetu. "Niko wapi?" anauliza bibi, macho yamefumbwa. "Kondoa kidogo, bibi." "Hapa?" "Umepita. Mjini kidogo. Hapohapo, vuta!" Anavuta, matope yanamwagika, anatema mate. "Bado?" "Bado." Mama jirani, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema, alikuwa akipita na ndoo yake kichwani anatupigia kelele kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi, wasafiri! Leo mmefika Kondoa?" Bibi anamjibu bila kufumbua macho, "Gari limetuharibikia njiani, Mayamaya, tuletee maji ya kunywa." Mimi kule juu nacheka mpaka nakalia jiwe la moto naruka.

Halafu tunasubiri mvua. Ikishuka ya kwanza, kazi yangu ilikuwa kutoka mbio na kuchomoa bomba kwenye tangi ili maji yamwagike chini. "Ya kwanza ni ya paa kuoga," alisema bibi. Vumbi likishasombwa, tunarudisha bomba, tunaingia ndani tumelowa chapachapa, tunakaa kimya kusikiliza maji yakianguka tangini. Mwanzoni yalilia kwa kishindo, kisha taratibu sauti yake ikawa nzito. Chakula cha kwanza kilichopikwa kilikuwa maharage, na yaliiva kabla sijachoka kusubiri. Nimeshakula kwenye hoteli za watu tangu hapo, na bado nayataja maharage yale.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne mama alipokuja kunichukua. Alikuwa amepata kazi Morogoro, na chumba, na shule yenye madawati ya kutosha. Bibi alisema ni vizuri. Siku ile alisema ni vizuri mara nyingi mno. Mimi nilisema sitaki, nikalia, nikauliza nani atasimama jabalini. Mama akacheka kwa upole, akaniambia mfereji ni mfereji tu, bibi atapata mtu. Bibi alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso.

Asubuhi ya safari mawingu yalikuwa yameanza kukaa, na bibi akataka tusafishe kabla basi halijapita. Tulianza mwisho wa mjini. Hatukutaniana kama siku zote, tulifanya haraka, na sauti yangu ilikuwa inakatika kwa kilio hivyo mara mbili alilazimika kuniuliza nimesema nini. Tulipokaribia kona ya tangi, mwisho kabisa wa Kondoa, basi likapiga honi barabarani. Nikaona kiota cha shomoro kimelala palepale kwenye mdomo wa bomba. "Bibi, kuna kiota!" nilipiga kelele. "Kondoa, Kondoa tena!"

"Nimesikia," alisema. "Hapo napajua kwa mkono. Shuka, mama yako anakuita."

Alikuwa na matope uso mzima na hapakuwa na muda wa kunawa, kwa hiyo hakunikumbatia, asije akanichafulia gauni la safari. Alinigusa kichwani kwa kiwiko. Basi lilipoondoka nilimwona kwenye kona ya nyumba amerudi ukutani, mkono umepanda juu, na uso wake umegeukia upande wa jabali.

Nilirudi likizo ya Juni. Nilimwamkia shikamoo kwa mkono mmoja na mkono mwingine tayari umefungua birika, maana chai ya bibi niliiwaza njia nzima. Nikanywa. Ilikuwa ya chumvi. Jioni akapika choroko, nikamuuliza mbona si maharage, akasema mvua ya mwaka huu ilikuwa kidogo, mjukuu wangu, tumshukuru Mungu kwa choroko. Nikaamini. Mtoto wa miaka ile anamwamini bibi yake hata kuhusu mvua.

Siku ya pili nilikwenda kumsalimia mama jirani, nikamwambia pole kwa ukame.

"Ukame gani?" akashangaa. "Mvua ilinyesha mpaka korongo likabeba mbuzi wangu. Kwenu maji yalimwagika nyuma ya ukuta mchana kutwa, tangi likabaki na ya kunawia mikono. Nilimwambia nimpe mwanangu asimame pale juu amwelekeze, akakataa. Eti macho yake yamesafiri, yatarudi likizo." Akanitazama, akaona nilivyobadilika uso, akanipa karanga nile.

Nilirudi polepole, na uchungu ule sijui niuweke wapi hata leo. Alikuwa ameyanywa maji ya chumvi miezi yote ile, na salamu zote alizozituma kwa kondakta wa basi zilisema hajambo kabisa, hana shida, nisome tu. Nilimkuta uani anakoboa mtama. Sikumwambia nimeambiwa nini. Nadhani alijua, kwa sababu hakuniuliza habari za kwa jirani, naye alikuwa mtu wa kuuliza.

Bibi hayupo siku hizi, na Msalato ile haipo. Nilipita mwaka jana. Kiwanja chake kina nyumba ya kisasa yenye paa la kujificha, huoni bati wala mfereji, na maji ya bomba yameingia, maharage yanaiva kwa kila mtu. Siwezi kusema ni vibaya. Jabali limepasuliwa lote kokoto, limekwenda kwenye misingi ya nyumba za watu nisiowajua. Nilisimama barabarani nikitafuta mahali nilipokuwa nasimama, nikashindwa hata kukisia. Mama jirani naye alihamia kwa mwanawe, na hakuna niliyemkuta wa kumwambia mbukwa. Upweke huu nimeuzoea kama maji yale ya kisimani, nauhisi asubuhi tu, kwenye chai ya kwanza. Ninachokikosa ni mtu wa kuniuliza yuko wapi, na mimi nikawa ndiye pekee ninayeweza kumjibu.

Lakini ngoja nimalizie ile Juni. Siku ya kuondoka kwangu bibi aliamka, akajifunga kanga mpaka kwenye nyusi, akautoa mkono na ile pembe ya mbuzi, akaniambia nipande jabalini.

"Bibi," nilimwambia, "mvua ni mpaka Desemba. Upepo wenyewe haujaanza. Majani yatajaa tena."

"Najua," alisema. "Panda."

Nikapanda. Jiwe lilikuwa bado la baridi. Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya tangi, akafumba macho, akauliza yuko wapi, nikamwambia. Kile kiota kilitoka kipande kwa kipande, kikavu, na kila kipande alikitupa nyuma yake bila kukitazama. Kisha akachukua fagio la katani akaanza tena upya, kutoka mwisho wa mjini, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Bado?" akauliza.

Niliutazama mfereji. Ulikuwa mtupu kutoka kona hadi kona, bati linang'aa, hata jani moja hapana. Barabarani basi lilikuwa halijasikika.

"Bado, bibi," nilisema. "Kondoa kidogo."