Mshahara wa Marehemu

Verlene Stamper alipikia watoto wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akiomba kitu. Akiishiwa sukari, alikunywa kahawa chungu. Gari likiharibika, alitembea. Huku milimani Kentucky tunawasifu watu wa namna hiyo, nami nimechoka kuwasifu. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya dirisha la misaada ya masomo katika chuo chetu cha jamii, na hao ndio ninaowaona wakiondoka mikono mitupu. Mficha uchi hazai.

Alikuja mwezi wa Julai, miezi minne baada ya kumzika mumewe, Doyle. Kwa maneno yake, alikuja kunirudishia bakuli langu tu. Kwetu bakuli la chakula cha msiba hurudishwa kwa mkono, limeoshwa, na jina la mwenyewe likiwa bado limebandikwa chini. Ndani ya bakuli alikuwa ameweka barua ya chuo.

"Opal, mbona umenuna hivyo? Watu watadhani unauza majeneza."

"Nipe hiyo barua, usinizungushe."

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, akiwa na miaka arobaini na nane. Alipaswa kulipa kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine, na waliosubiri walikuwa wengi. Kwa umri wake, asingeitwa mara ya pili.

"Mbona si mbaya," alisema. "Mwaka mzima ni dola elfu sita na mia nne. Wananisaidia elfu nne na mia sita. Inabaki elfu moja na mia nane. Nikiuza lori la Doyle, nimemaliza."

Karibu wote husoma hivyo, na kila mara hasira hunipanda, maana barua zenyewe zimeandikwa kana kwamba zinataka zisomwe hivyo.

"Dada yangu, hii elfu tatu na mia tano ni mkopo. Mkopo si msaada, utaulipa wote na riba juu. Unachopewa bure ni hii elfu moja na mia moja. Toa hiyo kwenye bei, kinachobaki ndicho chuo kitakachokugharimu wewe. Elfu tano na mia tatu."

"Mimi mjane, mpishi wa shule. Nani kaniona nina pesa?"

Fomu ya kuomba msaada ndiyo iliyomwona. Fomu haiulizi mapato ya leo, inauliza ya mwaka juzi, na mwaka juzi Doyle alikuwa mzima, akifanya zamu mbili kwenye kiwanda cha mbao.

"Unajua zile zamu mbili zilikuwa za nini?" aliniuliza. "Zilikuwa ada yangu. Alisema, 'Mama watoto, ikifika Krismasi nitakuwa nimekulipia yote.' Kisha mapafu yakamwangusha, hospitali ikala kila senti."

Niliona aibu. Jasho ambalo yule mtu alilitoa ili mkewe asome ndilo lililokuwa linamzuia kusoma. Nikamweleza kwamba ofisi inaweza kupima upya uwezo wake wa kulipa: alete cheti cha kifo, barua fupi, na ukurasa mmoja wa mapato yake ya sasa.

"Kwa hiyo Doyle akiwa hai kwenye karatasi, nalipa. Nikimuua, nasoma bure?"

"Hakuna anayemuua. Amekufa, Verlene."

Lilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Alichukua barua yake akaondoka bila kuaga.

Alhamisi asubuhi alirudi na cheti. Barua yake ilikuwa na sentensi mbili: mume wangu alifanya kazi mpaka akashindwa kusimama, naomba mpime nilicho nacho mimi. Kwenye ukurasa wa mapato alikuwa amejaza mshahara wake. Mstari wa pili, mapato ya mwenzi, ulikuwa mtupu.

"Hapo jaza wewe," alisema.

"Siruhusiwi. Lazima uwe mwandiko wako."

Alikwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Wanafunzi waliingia, wakauliza yao, wakatoka. Mara mbili aliinua kalamu akairudisha. Zilipita dakika arobaini. Nilitamani kumnyang'anya ule ukurasa niujaze, kazi nifukuzwe, liwalo na liwe. Hatimaye aliinama, akaandika sifuri polepole, akaniletea.

Mkuu wangu aliupitisha siku hiyohiyo. Nilimwita Verlene dirishani nikiwa na furaha ambayo sikuificha.

"Hulipi hata senti! Ruzuku imefika elfu sita na mia tisa. Ukitoa bei ya mwaka, mia tano zinabaki zako, za mafuta ya gari."

Hakucheka. Aliweka kidole kwenye ule mstari wa pili.

"Kanisani sikulia, Opal. Makaburini sikulia. Nilikuwa napokea watu, nawashukuru kwa vyakula." Sauti ilimkatika. "Sasa ndiyo nimemzika."

Akalia palepale, foleni ikiwa nyuma yake, nami nikatoka nyuma ya dirisha nikamshika.