Kijumba chenye Dirisha Jekundu

Mshonaji wa soko la Kamembe alikuwa na maneno machache na vidole visivyojua kukaa bure. Kila alipopumzisha cherehani, Kamikazi, muuza maharage wa jirani, alimwona akikata mfuko wa saruji vipande vya kuenea kiganjani, akivipaka uji wa muhogo na kubandika picha ya kijumba: ukuta wa kitenge, paa la ganda la mgomba, na dirisha la uzi mwekundu, sikuzote upande wa kushoto. Hakuziuza picha hizo. Alibadilishana na mafundi wa Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, picha kwa picha. Aliyeomba mbili kwa moja alifukuzwa.

Vita vikafunga daraja, naye akaendelea kubandika, akizihifadhi kwenye kopo la maziwa. Daraja lilipofunguliwa, akaja mama mgeni kutoka ng'ambo, akafungua leso yake mezani kwa mshonaji.

"Muntu mwenye alifanya hii sijue, ilitokea Uvira. Lakini anajua kazi, Maman!"

Kilikuwa kijumba chenye dirisha jekundu upande wa kushoto. Mlangoni, mkono mwingine ulikuwa umeongeza kuku wa unyoya.

Kamikazi akafungua kinywa aseme. Mshonaji akamkanyaga mguu chini ya meza, akainua picha kwenye mwanga.

"Kweli, anajua," akasema taratibu.

Akachagua iliyo nzuri kuliko zote koponi, akaifunga kwenye leso pamoja na ile ya kuku.

"Zote mbili zipeleke mbele."

"Basi nikupatie nini, Maman?"

"Ulishanipatia," akasema, akairudia cherehani yake.