Nyota Iliyochelewa

Kwa nini nyota ichelewe?

Niliulizwa swali hilo mbele ya shule nzima nikiwa darasa la sita. Hunirudia kila ninapokutana na harufu ya samadi mbichi kwenye baridi. Hata huku mjini, ng'ombe wa jirani wakifunguliwa asubuhi, hasira hunipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Nyumbani ni Tlawi, kwenye miinuko ya Mbulu, ambako mwezi wa saba unaamka vidole vikiwa kama vya mtu mwingine kwa baridi. Shule ilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili, na kabla ya kuondoka ilinibidi nimshike ndama wakati mama anakamua. Aliyetuamsha siku zote alikuwa jogoo. Mwaka ule kideri kikapita kijijini kikafagia kuku wote, jogoo wetu akiwamo. Simu ya mama ilichajiwa siku ya mnada, mara moja kwa mwezi, na kesho yake ilishazima. Basi mama akahamia kwenye nyota.

Ilikuwa nyota kubwa, nyeupe, isiyopepesa, iliyochomoza mashariki nyuma ya mgongo wa kilima. Mama aliitazama kupitia upenyo wa mlango wa zizi. Ikishakivuka kilima tu, ananivuta blanketi.

"Hii haiwezi kufa kwa kideri," alisema, akacheka peke yake.

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha, kidogo kidogo, kitu kikaharibika. Ndama niliyekuwa namshika gizani, kwa kupapasa masikio, nikaanza kumwona hadi kope.

"Mama, mbona kumeshapambazuka?"

"Nyota ndiyo kwanza imevuka kilima. Shika ndama."

Nilichelewa shule mara ya kwanza, fimbo mbili. Mara ya pili, nne. Mara ya tatu nikaambiwa nisikanyage pale bila mzazi.

Mama alikuja akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi chupa ya maziwa ya kumpa mwalimu. Mwalimu wa zamu alikuwa kijana, umri wa kaka yangu mkubwa. Kwetu kijana wa rika hilo humwamkia mama wa mtu shikamoo hata kama kuna ugomvi. Ugomvi huja baadaye. Yeye hakumwamkia. Alipokea chupa, akamsimamisha mama mbele ya mstari kama mwanafunzi.

"Mama, wewe unalala mpaka saa ngapi?"

"Si usingizi, mwalimu. Nyota ndiyo inachelewa."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko.

"Nyota inachelewa!" mwalimu alirudia, akitugeukia. "Imekosa basi?" Alisubiri kicheko kipungue, akaninyooshea fimbo. "Haya, wewe msomi wa nyumba hiyo, tueleze. Kwa nini nyota ichelewe?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ananiangalia kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba shahidi wake amefika. Nilikuwa nimeliona jambo lile kwa macho yangu, kwenye kope za ndama. Ningeweza kusema hivyo tu. Badala yake nikacheka. Nilicheka pamoja na wote ili nisiwe mtoto wa mama wa nyota.

Muhula uleule, mwalimu huyohuyo alituimbisha sayari: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi. Tuliziimba hadi koo zikakauka, na aliyeruka moja alichapwa. Hakuna aliyetuambia kwamba ya pili kwenye wimbo ndiyo ile iliyokuwa mlangoni pa zizi letu. Siku hizi nina mashaka kama hata yeye alijua. Kutojua simlaumu, hata mimi sikujua. Kinachoniwasha mpaka leo ni kwamba kati ya watu wote waliokuwa uwanjani, aliyekuwa ameangalia juu ni mmoja tu, na huyo ndiye tuliyemcheka.

Jumamosi mama alikwenda Masieda kwa dada yake, akarudi na jogoo kwapani. Habari ya nyota hakuigusa tena. Nayo ikapotea kabisa. Ikapita minada miwili hivi, yaani kama miezi miwili. Jioni moja tunakata majani ya ng'ombe, akanishika bega, akaelekeza mundu magharibi, jua lilikozama.

"Itazame. Ndiyo ileile. Imehamia jioni."

"Si ileile, mama. Ile ilikuwa ya asubuhi." Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile ya kuburuza maneno.

Mama aliitazama nyota kidogo zaidi, kisha akainama kwenye majani yake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea takwimu, mwenzangu wa chumbani aliponionyesha programu ya anga kwenye simu yake. Nikaipeleka Zuhura mbele siku moja moja. Ikiwa nyota ya asubuhi na inakaribia kupotea, kila siku inachomoza karibu zaidi na jua, yaani inachelewa. Halafu inapita nyuma ya jua, haionekani kama siku hamsini, inaibukia magharibi jioni. Ni ileile. Nilirudia mara nne, kwa sababu siamini kitu mara moja. Kisha nikapiga simu nyumbani, nikiwa nimejaa hasira na sina wa kumgombeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, ile nyota. Kumbe ilikuwa inachelewa kweli."

"Kwani mimi nilisema nini?"

Nikaanza kumsema mwalimu: alivyopokea maziwa, alivyokataa kumwamkia, na shule nzima ilivyocheka. Mama aliniacha nimalize.

"Wewe ulikuwa mstari wa tatu, karibu na bomba," akasema. "Meno yako niliyaona."