Damu kwenye Nta

Itigi nzima hakuna anayeijua asali kunishinda. Nasema hivyo bila aibu. Shule niliachia darasa la nne, lakini nyumba ya matofali ya kuchoma nimejenga, Fuso ninalo, na vyote vimetoka kwenye mdomo huu. Warina asali wakileta ndoo zao, mimi navunja kipande cha sega, natafuna, natulia. Kama asali imechemshwa nitajua. Kama mtu kaongeza maji ya sukari nitajua, na atabeba ndoo yake arudi nayo kwake. Wasomi wamekuja na vipimo vyao vya vioo, wakaishia kuniuliza mimi.

Siku niliyoambiwa nina ugonjwa wa sukari sikutetereka. Nikameza dawa, nikaacha soda, chai nikanywa bila sukari. Asali sikuihesabu. Kwangu asali ilikuwa kazi, tena dawa. Tangu utoto tumepakwa asali kwenye kila kidonda, na vidonda vikapona.

Hofu ilinipata mbele ya watu. Mzee mmoja mrina asali, ambaye nimenunua kwake tangu nikiwa na baiskeli, aliniletea masega mapya kutoka vichakani. Nikampa shikamoo, nikavunja kipande, nikatafuna. Nilipoitema nta kiganjani ilikuwa na damu. Nilifumba mkono upesi, lakini yule mzee macho yake bado ni makali.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nyuki wamekuuma mdomoni?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Moyoni niliingiwa na baridi kama ya maji ya mtungi, kwa sababu nilimkumbuka fundi baiskeli wa pale stesheni. Naye alikuwa na sukari. Alijikwaa kidole cha mguu, kidonda kikagoma kufunga, mwisho wakamkata mguu chini ya goti. Nikajiuliza, kama kidole tu kimemfanya vile, damu inayotoka ndani ya kichwa itanifanya nini?

Nikaanza kujitibu. Kila nikipiga mswaki damu inatoka, basi nikaona mswaki ndio unaonichubua, nikauweka kando. Baada ya chakula cha jioni nikawa napaka asali kwenye fizi kwa kidole, ile nzuri kabisa niliyojiwekea, nalala nayo hivyohivyo. Wiki zikapita. Fizi zikavimba, zikawa na rangi ya ini. Jino moja la mbele likaanza kucheza. Hata nikiwa kwenye bei na mtu, ulimi ulikuwa unalisukuma. Nyama nikaacha, nikasema nimeichoka. Usiku nilifunika mdomo kwa shuka.

Mke wangu ni Mnyaturu wa Ihanja, na akitaka jambo liniingie huliongea kwa Kinyaturu. Siku hiyo alisogeza sahani yangu, akaniambia kwa lugha ya kwao kwamba mdomo wangu unanuka kama mzinga uliofiwa na nyuki. Kisha akarudi kwenye Kiswahili: "Kesho tunakwenda wote hospitali. Usiniambie kuna mzigo."

Hospitali walianza kwa kupima sukari. Ilikuwa juu kuliko siku zote, na mimi naapa dawa sijakosa hata moja. Wakanipeleka chumba cha meno. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akanifunua mdomo, akapitisha kioo chake kidogo jino kwa jino. Kioo kile kilinitisha kuliko koleo zilizokuwa kwenye sinia.

Aliniuliza ninatumia nini. Nikamwambia asali, tena safi, nimeipima mwenyewe.

"Basi, baba, wadudu wa mdomoni umewalisha chakula safi," alisema. Hakuwa anatania.

Akanieleza kuwa damu haikuletwa na mswaki. Ililetwa na uchafu ulioganda kwenye shina la meno, na kuacha mswaki ndiko kulikouongeza. Sukari ikipanda, fizi zinaugua kwa urahisi. Na fizi zikiugua, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Jino lile halikuwa la kuponywa, ila hakutaka kuling'oa kabla sukari haijashuka. Akanisafisha kidogo kidogo, akanipa mswaki laini wa kutumia asubuhi na kabla ya kulala, akaniambia nirudi.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Nilimwona fundi baiskeli kila nilipofumba macho. Sukari ikashuka, na nilikaribia kuomba ipande tena ili nisirudi kwenye kile kiti. Mke wangu alinishika kiwiko mpaka mlangoni. Jino lilitoka kabla sijamaliza kuogopa. Hofu yenyewe ikabaki kwenye shimo. Nilikuwa naliangalia kwenye kioo cha gari, nyumbani, hata kwa mgongo wa kijiko. Kila nikimeza mate nilionja, nikitafuta ladha ya chuma.

Shimo lilifunga. Binti yule aliliangalia akasema limepona vizuri, lakini mengine mawili anayafuatilia, na nisiache kwenda kwake hata kama hakuna kinachouma. Mimi ambaye sijawahi kupangiwa na mtu, nakwenda.

Juzi yule mzee aliniletea masega. Aliona pengo, akanisogezea ndoo. Nilivunja kipande kidogo sana, nikakigusa kwa ncha ya ulimi, nikakibana kwa meno mara moja, nikatema, nikasukutua kwa maji. Nikamwambia asali yake ni safi, haijaona moto. Bado hakuna wa kunishinda.

Alipoinama kufunika ndoo, nilifungua kiganja nikaigeuzageuza ile nta juani, upande huu na upande ule, kabla ya kuitupa.